Kukata Shauri kwa Moyo

Katika ofisi zetu husikika sana siku hizi kwamba meneja fulani "amefanya uamuzi". Lugha yetu ina msemo mwingine wa zamani kwa jambo hilo hilo: mtu "amekata shauri". Tofauti ya misemo hii miwili si ndogo. Shauri ni mali ya watu zaidi ya mmoja. Huombwa, hutolewa, hupokewa, na mwishowe hukatwa. Hata pale ambapo mwenye kukata ni mmoja tu, hukata kitu kilichokwisha wekwa mbele ya wenzake wakakiona. Sasa tumchukue kiongozi ambaye ameletewa taarifa ya mhasibu, akawasikiliza wataalamu wake, akaona kwamba tarakimu zote zinaelekea upande mmoja, kisha akafunga jalada na kusema, "Moyo wangu umekataa." Wenzake wanatazamana. Hakuna awezaye kumjibu, kwa kuwa halikusemwa neno linaloweza kujibiwa. Je, mtu huyu amekata shauri, au amelitupa?

Wapo wanaomsifu kiongozi wa namna hii. Husema kwamba uongozi ni kipaji, na kwamba mwenye kipaji huona ng'ambo ya mto wakati wengine wangali wakihesabu mawe ya kuvukia. Wapo pia wanaomcheka: kwao moyo ni wa mambo ya mapenzi na ibada, na kazi ya ofisi ni ya hesabu. Nadhani makundi yote mawili yana haraka. Maswali yaliyopo hapa ni mawili, na hayafai kuchanganywa. La kwanza ni kama moyo huona kweli. La pili, ambalo ndilo zito zaidi, ni kama moyo wa mtu mmoja una haki ya kuwafunga watu wengine ambao hawawezi kuingia ndani yake wakatazama kilichomo. Mtu anayechagua shamba lake mwenyewe kwa kufuata moyo hujitia hatarini yeye na nyumba yake. Meneja wa kiwanda chenye wafanyakazi 500 hayumo katika hali hiyo.

Kwanza tulitafutie jambo hili jina. Wengine huliita silika, lakini silika ni tabia ambayo kiumbe huzaliwa nayo. Buibui hakufundishwa na yeyote kutanda utando wake. Wengine huliita ilhamu, na ilhamu ni kitu kinachomshukia mtu, kama washairi wasemavyo. Jambo tunalolizungumza hapa mtu hakuzaliwa nalo wala halikumshukia. Amelipata kazini, kidogo kidogo, ila haikumbuki siku aliyofundishwa. Watu wa kawaida husema tu "moyo umeniambia" au "moyo umesita", nami nitabaki na maneno yao.

Nahodha aliyesafiri miaka 30 baina ya Lamu na Kilwa hutoka alfajiri, hutazama mbingu na maji, na kusema, "Leo hatutweki." Baharia mgeni akimwuliza sababu, huenda asiambiwe zaidi ya kwamba bahari haikumpendeza. Sababu nahodha anazo, tena nyingi mno: wingu lilivyokaa, harufu ya upepo, namna wimbi linavyovunjika juu ya mwamba. Ameziona asubuhi za namna hii mara nyingi, na mojawapo ilimchukulia watu. Sababu hizo zimo ndani yake, ila hazimo ulimini.

Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Gary Klein, ambaye alianza kuwachunguza wakuu wa vikosi vya zimamoto katika miaka ya 1980, amesimulia kisa kinachofanana sana na hicho. Mkuu mmoja wa kikosi katika mji wa Cleveland aliingia na vijana wake katika nyumba ya kawaida ambayo moto wake ulikuwa upande wa jikoni. Wakaumwagia maji. Moto haukufifia kama ilivyotazamiwa. Mkuu yule akasita, kisha ghafla akawaamuru wote watoke nje. Mara tu walipotoka, sakafu waliyokuwa wamesimama juu yake ikaporomoka, kwa maana moto hasa ulikuwa chini yao, katika chumba cha chini ya ardhi ambacho hawakujua kuwa kipo. Mwenyewe aliamini kwamba ana hisi ya sita. Klein alipomhoji kwa utaratibu, mambo yakajitokeza moja moja: chumba kile kilikuwa na joto lisilolingana na moto mdogo wa jikoni, na tena moto wenyewe ulikuwa kimya mno. Mambo hayakuoana, na mtu yule alitambua kwamba hayaoani kabla hajapata nafasi ya kuyataja.

Herbert Simon, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978 kwa uchunguzi wake juu ya jinsi mashauri yanavyokatwa katika taasisi, alishikilia kwamba jambo hili tunaloliona kama muujiza ni utambuzi tu: bingwa humtambua mgeni wa leo kwa kuwa aliwahi kuwaona ndugu zake. Mwaka 1973 yeye na mwenzake William Chase walichapisha majaribio waliyoyafanya na wachezaji wa sataranji. Bingwa alionyeshwa kwa sekunde chache tu ubao wenye kete zilizopangwa kama zilivyokaa katika mchezo wa kweli, kisha akatakiwa aupange upya kwa kumbukumbu. Aliweza kwa kiasi cha kushangaza, na mwanafunzi akashindwa. Kisha kete zilitawanywa ovyo, bila mpango wa mchezo wowote. Hapo bingwa naye alishindwa karibu sawa na mwanafunzi. Naomba msomaji aukumbuke ubao huu wa pili, kwa kuwa tutauhitaji.

Moyo, basi, huona, lakini huona mahali ulipolelewa. Na hapa ndipo panapofaa kuitazama Kongwa. Wanafunzi wengi hukutana na Mpango wa Karanga katika vitabu vya historia kama kisa cha wakoloni walioshindwa, nao walishindwa kweli. Kisa hicho kinastahili kusomwa pia kama kisa cha kukata shauri.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, ulizunguka Afrika ya Mashariki kwa muda wa wiki 9 hivi, ukarudi na mpango: ekari zaidi ya milioni 3 zilimwe karanga kwa mashine, sehemu kubwa yake katika Tanganyika, na nyingine katika Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Mpango ulikuwa na tarakimu nyingi na nzuri. Gharama zilihesabiwa, tani zilihesabiwa, faida ilihesabiwa. Kitu kimoja hakikufanyika, nacho ni shamba la majaribio. Ilionekana kwamba hakuna wakati. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Mwaka huo zilikusudiwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Udongo uliokuwa laini wakati wa mvua ukawa kama saruji wakati wa kiangazi, na majembe ya matrekta yakalika na kuvunjika. Mvua nazo hazikuwa za kutegemewa. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba inauacha mpango ule, na hasara ikawa pauni milioni 36 hivi.

Mtu anaweza kusema: tazama hesabu zilivyowapoteza, laiti wangalisikiliza mioyo yao! Lakini nikikitazama kisa hiki kwa makini siwaoni watu waliokosa moyo. Nauona moyo mwingi mno. Nyuma ya tarakimu zile kulikuwa na imani ya watu waliotoka vitani wakiwa washindi, waliozoea kuona barabara, viwanja vya ndege na kambi zikitokea porini kwa amri. Vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Mashine nyingine zilinunuliwa kutoka katika masalio ya vita huko Ufilipino. Mwaka 1948 aliletwa Kongwa Meja Jenerali Desmond Harrison, mhandisi wa jeshi, ili aisimamie kazi. Hatuna sababu ya kudhani kwamba hakuwa hodari. Ila moyo wake ulilelewa kwingine, na mbele ya udongo wa Kongwa alikuwa kama bingwa wa sataranji mbele ya ubao ule wa pili: uhodari wote anao, na hauna pa kushika. Mabaya zaidi ni kwamba mtu aliye katika hali hiyo hajihisi kuwa mgeni. Moyo wake huendelea kusema naye kwa uthabiti ule ule alioupata mahali alipokuwa akijua.

Na walikuwapo watu ambao mioyo yao ililelewa pale pale. Wagogo waliokuwa watu wazima mwaka 1946 walikuwa wameipitia Mtunya, njaa ya mwaka 1917 hadi 1920. Vita vya Wajerumani na Waingereza viliitayarisha njaa ile kwa kuwanyang'anya watu nafaka, mifugo, na wanaume waliochukuliwa kubeba mizigo. Kisha ukame ukaongezea. Walijua katika miili yao kwamba mvua ya nchi ile haiaminiki. Ndiyo sababu walilima mtama na uwele, na mali yao wakaiweka katika ng'ombe, ambao huweza kuifuata mvua inapohama. Pori la Kongwa, ambalo wageni waliliona kama nafasi inayomngoja mlimaji, lilikuwa tupu kwa sababu. Mzee wa Kigogo ambaye angezitazama mashine zile na kutikisa kichwa asingeweza kutoa jedwali la mvua la miaka 30. Naam, na taarifa ya wakubwa haikuwa na safu ya kuandikia vichwa vilivyotikiswa.

Kwa hiyo tunaposikia meneja akisifiwa kwa moyo wake, yafaa tuulize habari za mioyo mingine iliyomo katika jengo lile. Mtunza ghala aliyekaa miaka 15 na vipuri huweza kuhisi kwamba mzigo ulioletwa leo una walakini. Dereva huhisi gari kabla halijaharibika. Mkubwa akisema "moyo wangu umekataa", huitwa mwenye busara. Dereva akisema hivyo hivyo kwamba gari hili lisiende safari, huitwa mvivu, au huulizwa kama amekuwa fundi. Sijui dhuluma ya ofisini iliyo ya kawaida kuliko hiyo, wala iliyo ghali zaidi.

Lipo jambo jingine, nalo ni chungu. Moyo hauji na cheti cha kuzaliwa. Hisia iliyotokana na miaka 20 ya kazi, na hisia iliyotokana na chuki ambayo mtu aliinyonya utotoni, humjia mtu kwa sauti moja. Tumchukue mwalimu mkuu. Fedha za mahafali zimepotea ofisini. Wanafunzi watatu walionekana karibu na mlango, na ushahidi hakuna. Mmoja kati yao ana macho yasiyotulia, anatoka katika nyumba isiyo na jina zuri, na hujibu maswali kwa ukali. Moyo wa mwalimu mkuu unamwambia kwamba ni huyu. Huenda moyo unasema kweli, kwani amewaona wakosaji wengi katika maisha yake. Huenda pia unamwambia tu kwamba kijana huyu ni maskini na kwamba hana zile adabu zinazompendeza yeye. Akimfukuza, kuna hatari kwamba hatajua kamwe kama alikosea: kijana atakuwa amekwenda zake, wizi huenda ukakoma kwa kuwa mwizi wa kweli ameogopa, na mwalimu mkuu atatoka katika jambo hili akiuamini moyo wake kuliko mwanzo.

Nahodha hayuko hivyo. Bahari humjibu siku ile ile, na jibu lake halina heshima kwa cheo cha mtu. Mwaka 2009 Klein, aliyekuwa mtetezi wa mioyo ya mabingwa, aliandika makala pamoja na Daniel Kahneman, ambaye alitumia maisha yake mengi kuonyesha jinsi mioyo hiyo inavyodanganyika. Walikuwa wa kambi mbili zisizoelewana, lakini wakajikuta wanakubaliana juu ya masharti mawili ya kuuamini moyo: kwamba kazi yenyewe iwe na utaratibu unaorudi, na kwamba mtu awe amepata muda mrefu wa kuijaribu na kujibiwa haraka pale anapokosea. Mwenye kazi ya kuzima moto huyapata yote mawili. Mwenye kazi ya kuajiri watu, kuwapandisha vyeo na kuwafukuza, mara nyingi hapati hata moja. Tangu mwaka 1954 Paul Meehl, mwanasaikolojia wa Marekani, alikwisha onyesha kwa kukusanya uchunguzi mbalimbali kwamba katika kutabiri mambo ya watu, kanuni ndogo ya hesabu aghalabu hulingana na mtaalamu au humshinda. Wataalamu hawakulipenda neno hilo, na wengi hawalipendi hadi leo.

Nchini Tanzania jambo hili liliwahi kuwa la siasa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi kiburi, dharau na ukandamizaji, na katika miaka michache iliyofuata wafanyakazi wa viwanda mbalimbali walisimama kudai maelezo kutoka kwa mameneja wao. Mahali pengi kazi zilisimama, na si kila dai lilikuwa la haki, hilo lisifichwe. Lakini ndani ya kelele zile lilikuwamo dai moja ambalo sioni jinsi ya kulikataa: kwamba mtu anayeumizwa na amri anastahili kuelezwa sababu yake. Meneja anayejibu kwamba moyo wake umekataa amemnyima mfanyakazi kitu hicho, hata ikiwa amri yenyewe ni sahihi kabisa.

Nitaambiwa kwamba mkuu wa zimamoto asingeweza kuitisha mkutano juu ya sakafu inayoungua. Ni kweli. Lakini tazama alichoamuru. Aliwatoa watu nje. Kama moyo wake ungekuwa umemdanganya, wangerudi ndani baada ya dakika chache, na hasara ingekuwa kiasi cha sehemu ya jiko. Moyo unaosema "tusimame kwanza" na moyo unaosema "mfukuze" hauwezi kudai haki moja. Wa kwanza unaomba muda wa kutafuta sababu. Wa pili umekwisha toa hukumu, na aliyehukumiwa hana pa kukata rufani, kwani mahakama imo kifuani mwa mtu. Sisemi kwamba kusimama hakuna gharama. Mwaka 1947 Waingereza walikuwa na haja ya kweli ya mafuta, na mwaka mmoja wa shamba la majaribio ungekuwa mwaka wa upungufu. Gharama hiyo ilikuwa ikijulikana, na ingehesabika.

Kahneman huyo huyo ameacha kisa cha ujana wake ambacho walimu watakipenda. Mwaka 1955, akiwa luteni wa miaka 21 katika jeshi la Israeli, alipewa kazi ya kutengeneza utaratibu wa kuwasaili vijana wanaoingia jeshini. Kabla yake wasaili walizungumza na kijana kwa muda, kisha wakatoa rai kwa jumla kama moyo ulivyowaambia, na rai zile zilikuwa hazisaidii karibu kitu. Yeye aliwaagiza waulize maswali ya mambo yaliyotendeka hasa katika maisha ya kijana, juu ya sifa 6, na kila sifa waipe alama kabla ya kwenda kwenye inayofuata. Wasaili walikasirika, walisema anawageuza kuwa mashine. Basi akawaongezea jambo moja: wakimaliza alama zote, wafumbe macho, wamwone kijana yule akiwa askari, na watoe alama ya mwisho kwa moyo. Baada ya miezi kadhaa matokeo yalilinganishwa na sifa za askari wale vikosini. Utaratibu mpya ulikuwa bora kuliko wa zamani, na alama ile ya kufumba macho ilifanya vizuri sawa na jumla ya zile 6. Moyo ule ule uliokuwa haufai kitu ulipotangulia, ulifaa ulipongojeshwa zamu yake.

Utaratibu wa namna hiyo hauhitaji jeshi. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga za Nachingwea, ambazo hazikuja kwa wingi uliotazamiwa, na reli iliyojengwa kuzileta ikafungwa katika miaka ya 1960. Zao lililokuja kuipatia kazi bandari ile ni korosho. Katika maghala ya kusini mtu aliyezoea kazi hiyo hutia mkono ndani ya gunia, hutwaa korosho chache, huzitikisa kiganjani na kuzisikiliza, na mara uso wake hubadilika: hizi hazikukauka, au zina kasoro ndani. Hajui bado, lakini moyo umesita. Kutokana na kusita huko angeweza kuliandika gunia lile daraja la pili na kuita jingine, na mwenye mali angeondoka na bei ndogo na manung'uniko yake. Badala yake sampuli huchukuliwa, hupimwa, na korosho hukatwa moja moja kwa kisu. Mkulima husimama pale pale mezani akitazama. Nzima huwekwa upande mmoja, zilizooza na zile changa upande mwingine, na akitaka huzihesabu mwenyewe.